Chupa za Mkulima

"Mmempata?" fundi cherehani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado," Inspekta akasema.

"Basi karibuni mkae. Siku hizi kila anayeingia hapa anasimama, utadhani kiti kinaambukiza."

Inspekta akakaa. Koplo akabaki mlangoni kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Duka lenyewe lilikuwa upana wa kitanda: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na nguo za watu zilizotundikwa ukutani zikingoja wenyewe. Fundi alikuwa kijana mrefu ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kupotea ndani ya kola. Dada yake alikuwa amezikwa jana.

"Suruali ya nani hiyo?" Koplo akauliza.

"Yangu. Naipunguza tena." Fundi akaigeuza nje ndani, akawaonyesha mshono wa kiunoni. Kitambaa kilichozidi hakikukatwa. Kilikunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa uzi mwepesi. "Sikati. Naficha. Jumatano nachomwa ile sindano mpya ya maabara ya kina dada. Nikianza kunenepa nafumua uzi, naachia, naendelea na maisha. Akiba haiozi."

"Na vidonge?"

"Vidonge mimi nimemeza tangu sijajua kusoma, maana virusi nilizaliwa navyo. Vilinifaa miaka mingi. Sasa virusi vyangu vimesoma dawa zote, vimehitimu." Alicheka peke yake. "Dada alisema hii mpya haivifuati ndani. Inavifungia nje, mlangoni. Ndiyo imebaki hiyo. Daktari wa kliniki ameniambia wazi, baada ya hiyo hana kitu kingine cha kunipa."

"Alhamisi dada yako alipita hapa?"

"Alipita mchana, kama kila siku."

"Alisema nini?"

Gurudumu la cherehani likazunguka kidogo, likasimama.

"Alisema anawahi kazini."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mama Inspekta."

Inspekta akamtazama kwa muda, akainuka. Walipofika kwenye gari Koplo akasema, "Yule dada si ndiye waliyemwita Chiriku? Aseme maneno mawili na kuondoka?"

"Endesha," Inspekta akamwambia.

*

"Usiguse kitu."

"Hii ni maabara yangu," Daktari, bosi wa Chiriku, akasema.

"Tangu Ijumaa ni yangu. Usiguse kitu."

Koplo akakata lakiri ya polisi, akausukuma mlango. Ilikuwa Jumapili asubuhi na jengo zima lilikuwa tupu. Chumba cha kulelea seli, chembe hai za mwili, kilikuwa na meza mbili za kufanyia kazi zilizozungushiwa vioo, hadubini, stuli tatu, na kabati la chuma lenye kimo cha mtu lililokuwa likinguruma polepole. Kila kitu kilikuwa safi kupita kiasi. Ndoo ya manjano ya glovu zilizotumika ilikuwa imechukuliwa na mafundi wa polisi, na haikuwa na jibu lolote. Watu wote wa maabara ile walivaa glovu kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo alama za vidole hazikuwa na maana.

Ijumaa asubuhi mfagizi alikuwa amemkuta Chiriku sakafuni katika chumba cha mitungi, mwisho wa korido, ambako seli hugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji. Naitrojeni hiyo ikimwagika hugeuka gesi. Haina harufu, haikabi koo. Inaifukuza tu hewa, na mtu anaanguka kabla hajajua kwamba anaanguka. Feni ilikuwa imezimwa na mlango umefungwa. Wenzake wote walisema ni ajali. Mkuu wa kituo naye alipenda iwe ajali, kwa kuwa jalada la ajali ni jembamba.

Kilichomzuia Inspekta kulifunga jalada hilo ni kabari. Kila aliyeingia chumba cha mitungi aliichukua kabari ya mti kwenye msumari ulio nje, akaisukuma kwa mguu chini ya mlango ili usijifunge, maana kwa ndani haukuwa na kitasa. Na mwenzake alisimama hapo nje mpaka atoke. Chiriku ndiye aliyekuwa akiwagombeza wengine wakisahau. Ijumaa asubuhi kabari ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake. Aliyekufa ndani hawezi kuitundika nje.

"Fungua kabati," Inspekta akasema.

Daktari alikuwa mtu mzima wa miwani, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alifungua. Joto la mwili wa mtu likawapiga usoni. Ndani, kwenye rafu, zililala chupa bapa za plastiki, kila moja na maji kidogo ndani yake. Maji yalikuwa ya njano.

"Nani kajisaidia humu?" Koplo akauliza.

"Ni chakula cha seli," Daktari akasema kwa ukali. "Kikiwa kipya ni chekundu, kama waridi. Seli zikikila zinakichafua, kinageuka njano. Zinalishwa Jumanne na Ijumaa. Jumanne zililishwa. Ijumaa mkatufungia. Hizi sasa zinakufa na njaa, na ni kazi ya miaka."

"Pole. Zote zililishwa Jumanne?"

"Zote."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna. Jumatano jioni nilizikagua mwenyewe, hakuna iliyolishwa tena, na Alhamisi asubuhi chumba hiki kilipigwa dawa ya kuua vijidudu. Chiriku alikifungua mwenyewe baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa kwenye mkutano na wafadhili, wameshakuthibitishia."

"Wamenithibitishia." Inspekta akachuchumaa. "Basi nieleze hizi za chini."

Daktari naye akachuchumaa. Kwenye rafu ya chini, nyuma kabisa, kulikuwa na safu moja ya chupa ambazo maji yake hayakuwa ya njano. Yalikuwa ya rangi ya waridi iliyoanza kufifia.

Kabati lilinguruma.

"Labda hizi hazili sana," Koplo akasema.

"Hizi ndizo zinazokula kuliko zote," Daktari akasema taratibu. "Zinakua kama magugu. Zingekuwa za kwanza kugeuka njano."

"Kwa hiyo zimelishwa," Inspekta akasema. "Baada ya chumba kufunguliwa Alhamisi mchana, kabla sisi hatujaufunga mlango Ijumaa asubuhi. Lakiri haikuguswa. Nani?"

"Huenda ni marehemu mwenyewe," Koplo akasema. "Alianza kuzilisha mapema, akaanza na hizi, kisha akaenda kwenye mitungi kuchukua kitu, mauti yakamkuta huko. Afande, hilo nalo linawezekana."

Inspekta akakubali kwa kichwa. Liliwezekana. Akaitazama safu ile tena. Kila kifuniko kilikuwa na doa la wino wa kijani. Rafu za juu zilikuwa na madoa ya bluu na mekundu.

"Rangi hizi?"

"Kila mtu na yake. Nyekundu ni yangu. Bluu ilikuwa ya Chiriku."

Chupa zenye doa la bluu zilikuwa za njano, zote.

"Koplo, una watoto?"

"Wanne, afande."

"Ukirudi na mkate mmoja, unaanza kulisha wa kwako au wa jirani?"

"Inategemea jirani mwenyewe anaonekanaje," Koplo akasema, kisha akaona uso wa mkubwa wake. "Wa kwangu."

"Na hapa?" Inspekta akamgeukia Daktari. "Mtu anaweza kulisha chupa za mwenzake?"

"Hapana. Kila mtu ana mkono wake. Kulisha chupa ya mwenzio bila kuombwa ni kama kumnyonyesha mtoto wa mtu."

"Kijani ni ya nani?"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkulima."

Ndivyo walivyomwita mtaalamu aliyeotesha seli za maabara nzima, mtu mpole aliyefanya kazi hapo kabla hata ya Daktari. Kwenye maelezo yake kwa polisi, Mkulima alikuwa ametoka kazini Alhamisi kabla ya chakula cha mchana kumpeleka mama mkwe wake hospitali, na hakurudi mpaka Ijumaa, alipokuta polisi wamejaa kwenye korido. Mke wake alisema hivyo hivyo.

"Sasa," Inspekta akasema, "nieleze kazi yenu. Nieleze kama unamweleza mwanangu wa darasa la sita, na yule hasikilizi mara mbili."

Daktari akavuta stuli.

"Kirusi peke yake hakina lolote. Hakili, hakizai. Mpaka kiingie kwenye seli nyeupe ya damu, ile ile inayotakiwa kumlinda mtu. Juu ya ngozi ya seli hiyo kuna vishikio. Cha kwanza kinaitwa CD4. Kirusi kinakishika. Lakini hapo bado kiko nje. Kikishashika, kinajikunjua na kutafuta kishikio cha pili. Kikikipata, kinajivuta mpaka ngozi yake na ngozi ya seli zinaungana, zinakuwa moja, na vilivyo ndani yake vinamwagikia ndani ya seli. Baada ya hapo hukitoi. Seli inakuwa kiwanda chake."

"Na dawa yenu?"

"Inakifunika kishikio cha pili. Kirusi kinashika cha kwanza, kinapapasa cha pili, hakikioni. Kinabaki nje mpaka kinakufa."

"Mmejuaje kwamba inafanya kazi?"

"Tunachukua seli, tunazigawa. Nusu tunazitia dawa, nusu hatuzitii. Zote tunazitia virusi. Zisizo na dawa ziliugua. Zenye dawa zilibaki safi. Safi kabisa." Alisema maneno hayo ya mwisho kama mtu anayesoma maandishi ya kaburini.

"Ulizigawa wewe?"

"Mkulima alilea zenye dawa. Wakati huo zake zilikuwa zimepungua, kwa hiyo zisizo na dawa alilea Chiriku, za kwake. Lakini zilitakiwa zitoke kwenye chupa mama moja. Ndiyo kanuni."

"Zilitoka?"

Daktari akavua miwani tena.

"Hebu niambie," Inspekta akasema. "Zipo seli ambazo hazina hicho kishikio cha pili?"

"Zipo. Hata watu wapo, wachache, wamezaliwa bila hicho. Virusi vya kawaida haviwaingii." Akazitazama chupa za doa la kijani. "Tuna seli za namna hiyo pia. Kwa kulinganisha. Zinakua haraka."

"Kama magugu."

"Inspekta, leo ni Jumapili. Mashine inahitaji..."

"Mimi pia ni Jumapili yangu. Wanangu wamejipikia wenyewe. Vaa glovu."

Alizivaa. Akachota kidogo kwenye chupa ya kijani, akachota kidogo kwenye chupa ya bluu, ambamo bado kulikuwa na seli hai za kutosha. Akazitia rangi inayong'aa, rangi inayoganda kwenye kishikio cha pili na si mahali pengine. Kisha akazipitisha kwenye mashine, ambayo humulika seli moja moja na kusema ipi inang'aa na ipi haing'ai. Koplo alisinzia akiwa amesimama. Inspekta hakukaa.

Za Chiriku ziling'aa. Kwenye kioo cha mashine zilijaa upande wa kulia kama chawa.

Za Mkulima zilikaa kushoto, gizani. Zote.

"Rudia," Inspekta akasema.

Daktari akarudia. Giza lile lile.

"Hazina mlango," akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Tuliandika kwamba dawa imefunga mlango. Hapakuwa na mlango. Ungezitia maji matupu badala ya dawa, zingebaki safi vilevile. Na Jumatano tunaanza kuwachoma watu."

"Hukuwahi kuzipima?"

"Yule mtu ametulelea seli miaka yote. Huendi jikoni kumuuliza mpishi kama ametia chumvi."

"Unaonja," Inspekta akasema. "Koplo, amka. Daktari, nataka chupa moja ya kijani isiyotiwa virusi. Una hakika? Basi izungushie taulo. Naenda nayo."

*

Mkulima aliletwa kituoni baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na kucha zake zilikatwa mpaka kwenye nyama. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imepasuka kwa spiriti ya miaka mingi. Akawasalimu wote wawili kwa heshima, akakaa.

"Mama mkwe anaendeleaje?" Inspekta akauliza.

"Anaendelea, tunashukuru Mungu."

"Alhamisi ulitoka saa ngapi?"

"Kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu ameshawaeleza."

"Ameeleza. Neno kwa neno, kama shairi la shule."

Mkulima akatabasamu kidogo. Koplo akaingia, akaifungua taulo, akaiweka ile chupa mezani, katikati yao, chini ya feni. Akatoka. Inspekta hakuitaja. Akafungua jalada.

"Wewe na Chiriku mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana. Alikuwa kama mdogo wangu. Alinichosha tu kwa maneno, lakini alimchosha kila mtu."

"Mara ya mwisho kuzungumza naye?"

"Alhamisi asubuhi." Macho yake yalikwenda kwenye chupa, yakarudi. "Kwenye korido."

"Mlizungumza nini?"

"Mambo ya kazi."

"Nani alikuwa na zamu ya kujaza mitungi?"

"Yeye." Macho yakaenda tena. "Samahani, afande. Hiyo chupa mngeitoa hapo kwenye feni."

"Kwa nini?"

"Inapoa. Seli hazivumilii baridi."

"Itakufa tu. Kabati lenu zima limegeuka njano. Hakuna iliyokula tangu Jumanne." Inspekta akafunua ukurasa. "Nimemwambia Daktari zote zimwagwe, na hii nayo itamwagwa."

"Za wengine sawa, lakini hiyo usiimwage. Hiyo ina chakula kipya, nime..."

Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa anabishana na askari wa mapokezi kuhusu baiskeli.

"Malizia," Inspekta akasema.

Mkulima akaitazama meza.

"Nimekusaidia kufika nusu. Umeilisha. Lini? Jumanne zililishwa zote. Jumatano jioni Daktari alizikagua, hakuna iliyolishwa tena. Alhamisi asubuhi chumba kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya dawa. Ijumaa ulitukuta mlangoni. Kimebaki kipande kimoja tu cha wiki, kaka, na kipande hicho ulisema uko hospitali."

"Mke wangu..."

"Mkeo yuko chumba cha pili, analia. Mwache mkeo. Hajui ulifanya nini. Ulimwambia aseme, akasema."

Mkulima akaisogelea meza. Alipoanza kusema, alisema na ile chupa.

"Sikukusudia kuzichanganya. Siku ile nilikuwa nalea aina zote mbili, zenye kishikio na zisizo nacho, kwenye meza moja, chupa moja ya chakula. Haifai. Nilijua haifai, nilikuwa na haraka. Tone likaingia. Zisizo na kishikio zinakua upesi. Baada ya muda ndani ya chupa hakuna nyingine ila hizo, na kwa macho zinafanana. Nilikuja kuzipima wakati Daktari ameshatangaza. Watu wanapeana mikono. Wananikumbatia. Ningesemaje?"

"Ungesema."

"Chiriku naye alisema hivyo hivyo. Alizipima Jumatano, bila kumwambia mtu. Akaja kwangu kwanza. 'Kaka, sema wewe. Ukisema wewe ni kosa. Nikisema mimi ni uongo wako.' Alhamisi akasema atanihurumia mpaka jioni, kisha atamwambia Daktari. Akaenda kutoa kichupa cha zamani kwenye mtungi, kile cha kwanza kabisa, ili tuwe na cha kulinganishia. Na mtungi ulikuwa umepungua, ikabidi aujaze."

"Na nani alisimama nje?"

"Mimi."

"Kabari?"

"Aliiweka yeye. Huwa... alikuwa haisahau."

"Ukaitoa."

"Nikaitoa."

"Ukaitundika mahali pake."

Akainua uso, kana kwamba ameulizwa kitu cha ajabu. "Ndipo inapokaa."

"Na feni? Swichi iko nje."

"Iko nje," Mkulima akasema.

"Aligonga mlango?"

"Aliniita. Mara moja. Akadhani mlango umejifunga wenyewe. Akaniita kaka."

Inspekta aliandika. Kalamu haikusimama.

"Halafu ukaenda kulisha chupa."

"Zilikuwa na njaa, na nilijua Ijumaa chumba kitafungwa. Nisingezilisha siku ile, mpaka Jumatatu zisingefaa kwa lolote, na wafadhili walitaka kuziona."

"Za Chiriku zilikuwa rafu ya juu yake. Hukuzilisha."

"Si zangu," akasema.

Inspekta akaligeuza jalada, akamsogezea kalamu. Hakuichukua. Alikuwa anaitazama chupa bado.

"Umenipata sawa," Mkulima akasema. "Sasa Jumatano hakuna sindano. Yule mdogo wake, fundi, alikuja makaburini akanishika mkono, akaniambia, 'Kaka, zimebaki siku chache.' Mimi nilimwachia kitu cha kungojea. Wewe utamwachia nini?"

"Ungemchoma kitu ambacho hujui kama kinafunga hata tundu la sindano."

"Angelala usingizi."

"Andika maelezo yako."

"Irudisheni kabatini kwanza. Nawaomba. Hiyo moja tu."

Inspekta akaichukua chupa, akaitazama kwa kuielekeza kwenye dirisha. Maji yalikuwa ya waridi, mazuri kwa macho. Akaivika mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Hiki ni kielelezo cha kesi," akasema. "Kielelezo hakili."

*

Daktari alikuwa ameshapiga simu kote. Alitaka kumpigia na fundi cherehani. Inspekta akamkataza.

Duka lilikuwa bado wazi. Ile suruali ilikuwa mezani.

"Mmempata?"

"Tumempata. Ni Mkulima."

Fundi akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, likasimama.

"Yule aliyebeba jeneza mbele yangu?"

"Huyo."

"Alikuwa analia kuliko mimi." Akaisogeza ile suruali pembeni. Koplo alikuwa ameshika fremu ya mlango, anatazama viatu vyake. "Na Jumatano?" fundi akauliza.

"Hakuna Jumatano."

"Imesogezwa?"

"Haikusogezwa. Imefutwa." Inspekta hakukaa safari hii. Alimweleza yote hapo hapo, kwa maneno machache, bila kuzunguka: tone, chupa, seli zisizo na mlango, dada yake aliyegundua. "Hakuna anayejua kama dawa ile inazuia kitu. Haijawahi kujaribiwa mahali penye mlango. Wanaanza upya."

"Upya ni lini?"

"Miaka."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea.

"Kuhusu Alhamisi nilikudanganya," akasema. "Hakusema anawahi kazini. Hakusema neno. Alikaa hapo, kwenye kiti hicho, mpaka akainuka. Dada yangu huyo, ambaye alikuwa anaongea hata na pasi. Nikajua kuna kitu kimekufa huko kwenye chupa zao. Kesho yake nikaambiwa ni yeye." Akakohoa, akafuta mdomo kwa kipande cha kitambaa. "Nikasema nikinyamaza, Jumatano itafika. Nikishachomwa, nitakuambia."

"Kliniki yako ni lini?"

"Wiki ijayo."

"Nenda. Meza vidonge vyako. Vimechoka lakini bado vinavipunguzia virusi mbio, Daktari mwenyewe amesema. Usiache hata siku moja kwa sababu ya hasira."

"Ndiyo, mama."

Akaichukua suruali, akaigeuza nje ndani. Akaufumua ule uzi mwepesi kwa wembe, akakinyoosha kitambaa kilichofichwa kiunoni. Kisha akachukua mkasi mkubwa, akakikata kuanzia upande mmoja mpaka wa pili, bila kusita, kwa mkono wa fundi. Kipande kirefu kikaanguka sakafuni.

Koplo akainama, akakiokota. Akakiweka mezani.

"Akiba haiozi, fundi," Inspekta akasema.

"Haiozi." Kijana akakisogeza kile kipande kwenye lundo la vitambaa vya kufutia mashine, akatunga uzi kwenye sindano. "Lakini ni nzito kuvaa."